Kadena za Mama Bertille

Siku bunduki ya Papa Barnabé ilipotoboa bati la nyumba yake mwenyewe, wageni walikuwa wameshaketi mezani, na Mama Bertille alikuwa jikoni akisonga bukari, ugali wa watu arobaini. Ilikuwa Jumapili ya komunyo ya kwanza ya mjukuu wao Claudine. Korali nzima ya waimbaji wa kanisa ilikuwepo, katekista alikuwepo, na viti vilikuwa vimekwisha, ndiyo maana Omer, jirani yao na rafiki wa Papa Barnabé tangu ujana wao katika reli, aliombwa aingie chumbani achukue benchi iliyokuwa nyuma ya mlango.

Nyuma ya mlango huo huo ndipo bunduki ilipokaa. Ilikuwa bunduki ya kuwindia, ya kalibre kumi na mbili, ambayo Papa Barnabé aliirithi kwa mjomba wake wa Kirungu pamoja na karatasi zake zote zenye mihuri. Mtaa mzima ulijua kazi yake. Mashamba yao ya mahindi yalishuka mpaka kwenye maji ya Lukuga, na katika Lukuga waliishi viboko, na kiboko akiamua kula mahindi hapigi hodi. Kwa hiyo Papa Barnabé aliiweka karibu, tena ikiwa na risasi ndani, kwa sababu alisema kiboko hamngojei mtu atafute risasi kwenye kabati.

Omer akavuta benchi. Bunduki ikateleza, kitako kikagonga sakafu, na mlio ukatoka kama mlima umepasuka. Masizi ya miaka ishirini yakashuka kutoka darini yakaingia sebuleni kama mvua. Yakawaangukia korali katika vitenge vyao vipya, yakamwangukia katekista aliyekuwa ameinua glasi ili aseme neno, yakaipaka keki rangi ya makaa. Watu walilala chini, wengine chini ya meza, wengine juu ya wenzao. Halafu, katika kimya kile, Omer akatoka chumbani akiwa mweusi kutoka kichwani hadi viatuni, benchi bado iko begani, akauliza kwa adabu aiweke wapi.

Basi watu walicheka. Walihesabiana, wakaona hakuna aliyeumia, wakacheka mpaka wengine wakatoka nje kushika ukuta. Mama Bertille pia alicheka, tena kuliko wote, akijipangusa macho kwa mkono wenye unga hadi uso ukawa na michirizi miwili, mweupe na mweusi. Sherehe iliendelea. Keki waliikwangua, wakala.

Jioni, wageni walipokwenda, aliingia chumbani na ufagio. Tundu la bati lilikuwa juu ya kitanda, kidogo upande wa mto. Akasimama akalitazama. Asubuhi ile, saa mbili tu kabla ya misa, alikuwa amemsimamisha Claudine juu ya kitanda kile kile, karibu na ule mto, ili amfunge kitambaa cheupe cha kichwani bila yeye mwenyewe kuinama, maana mgongo ulikuwa unamsumbua. Mtoto alikuwa amesimama pale akirukaruka na kuimba. Mama Bertille akaketi na ufagio wake.

Hakupiga kelele. Alimwita mumewe, akamwonyesha tundu, akamwonyesha kitanda, akainua mkono kuonyesha kimo cha mtoto akiwa amesimama pale. Papa Barnabé alikuwa mtu mzuri. Miaka thelathini aligeuza njia za reli, na hakuna treni hata moja iliyoanguka mikononi mwake. Alielewa haraka, akatoa kofia. Akasema tangu leo atatoa risasi ndani. Mama Bertille akamkumbusha kwamba aliyasema hayo hayo Noeli iliyopita. Akasema basi ataiweka juu ya kabati. Mama Bertille akamwambia juu ya kabati ndipo anapoficha sukari, na wajukuu wote sita wanapajua. Chini ya kitanda? Pale watoto walichezea kujificha. Darini? Mtoto wa Virginie, binti yao, alipanda huko juzi kutafuta mayai ya njiwa. Kila mahali alipotaja palikuwa na mtoto anayepajua vizuri kuliko yeye.

"Papa Virginie," Mama Bertille akasema mwishoni, "bunduki haina kosa. Inakaa nasi kama vile ni ufagio, na yenyewe si ufagio. Itapata nyumba yake."

Nyumba yenyewe aliitengeneza Fidèle, fundi wa kuchomelea vyuma kule bandarini. Alipata mabati mazito ya mashua moja ya zamani iliyovunjwa, akaunga sanduku refu, jembamba, lenye mfuniko na pete mbili za kutia kadena, kufuli za kuning'inia. Watu wanne walilibeba kutoka bandarini wakipita sokoni, katikati ya watu, wakitokwa jasho, na Fidèle akitangulia kuwasafishia njia kwa uso mzito. Alipoulizwa ni la nani, alijibu kwamba ni la Papa Barnabé, ameliagiza mwenyewe.

Siku tatu zilizofuata Papa Barnabé hakuelewa kwa nini watu walimsalimia kwa sauti ya chini. Mmoja alimshika mkono muda mrefu akamwambia awe na moyo. Mama mmoja alimletea uji. Siku ya nne wakashuka treni shangazi zake wawili kutoka Kabalo, wamevaa vitambaa vyeusi, na kuku watatu mkononi, wakaanza kulia tangu kwenye daraja. Walipomkuta uani, amejikunja juu ya ubao wa dame, akicheza na Omer kwa vifuniko vya chupa, walikasirika sana. Ilibidi waonyeshwe kwamba sanduku si jeneza, waonyeshwe bunduki ndani yake, waonyeshwe na tundu la bati. Bado mmoja wao alisema kwamba kwa kuwa wamekwisha kufika, na kuku wamekwisha kufika, si vizuri kurudi hivi hivi. Wakakaa juma zima, na juma lile nyumba ilicheka kila usiku.

Sanduku likasimikwa kwa simenti katika chumba cha akiba. Bunduki ikalazwa ndani, tupu, na risasi zikatiwa katika kopo la maziwa lililofungwa kwa waya. Zikabaki kadena mbili, na swali la nani atashika funguo.

Papa Barnabé alidhani atashika yeye mmoja na mkewe mwingine. Mama Bertille alikataa kwanza ule wa mkewe. Alijijua. Miaka ishirini na nane walikuwa pamoja, na bado mwanamume yule akimtazama vile alivyomtazama kule stesheni siku ya kwanza, na taa yake mkononi, angempa ufunguo, kadena, na sanduku lenyewe. Hapana, funguo zitoke nyumbani. Alifikiri siku mbili, akipepeta unga, na alipopata jibu alicheka peke yake hadi unga ukamwagika.

Mtaani kwao waliishi wanawake wawili, Mama Thérèse na Mama Élisabeth. Wote wawili walikuwa watu wa heshima, wote wawili walijua kunyamaza, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka mitatu. Chanzo kilikuwa Pasaka moja ambapo Mama Élisabeth alipewa ubeti wa kuimba peke yake, na Mama Thérèse, kwa kusahau au kwa kutosahau, akauimba naye, tena kwa sauti ya juu zaidi. Tangu siku ile walikaa pande mbili za kanisa. Mmoja akisema mvua itanyesha, mwingine alianika nguo.

"Papa Virginie anaweza kumubembeleza Thérèse," Mama Bertille alimweleza binti yake. "Anaweza kumubembeleza Élisabeth. Lakini mutu wa kuwafanya wale wawili wakubali kitu kimoja siku moja, huyo hajazaliwa. Bunduki ikitoka, basi njo kusema iko sababu kweli."

Kila mmoja alipewa ufunguo wake na akaapa. Na kila mmoja alipoambiwa mwingine anao wa pili, alijinyoosha na kusema kwamba wake hautatoka kirahisi, si kama wa watu fulani.

Jaribio la kwanza lilikuja mwezi wa tatu, alfajiri, kiboko alipopanda kutoka Lukuga na kuingia mahindini. Mama Bertille alikimbia kwa Mama Thérèse, akakimbia kwa Mama Élisabeth, akawaleta wote wawili mpaka chumba cha akiba, mmoja upande huu wa sanduku, mwingine upande ule. Mama Élisabeth akamwomba Mama Bertille amwambie mwenzake afungue kwanza. Mama Thérèse, aliyekuwa hatua moja kutoka hapo, akamwomba Mama Bertille ajibu kwamba heshima inamtaka aliyezaliwa nyuma atangulie. Ikafuata hesabu ya nani alizaliwa mwaka gani, na paroko gani aliyembatiza. Papa Barnabé alishika kichwa. Huko nje, majirani wakichoka kungoja, walichukua sufuria, vifuniko, na ngoma ya korali, wakashuka bondeni wakipiga kelele kama harusi ya vichaa. Kiboko alisimama, akawatazama, akatafuna bua moja la mwisho pole pole, akarudi majini. Alikuwa amekula mistari mitatu. Papa Barnabé alinung'unika siku nzima juu ya mistari ile mitatu, lakini Mama Bertille aliona kitu kingine: safari iliyofuata, hakuna aliyekuja kuomba bunduki. Walikuja kuazima sufuria.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa mpaka mwezi wa nane, siku ya ndoa ya Pascal, mtoto wa mwisho wa Mama Thérèse.

Ilikuwa sherehe kubwa. Wakwe walitoka Moba kwa boti, watu wa milimani, wapole, wenye makoti ya baridi katika joto la Kalemie. Papa Barnabé alikuwa amevaa abakosti mpya, ile suti isiyo na tai, rangi ya kijani kibichi, na kwa kuwa alisema Kitabwa kidogo aliwekwa katikati ya wakwe ili awape mazungumzo. Kwa saa mbili alikuwa mtu mkubwa. Aliwasimulia kuhusu reli, akawaambia vile treni nzito inavyohitaji mtu mtulivu, na wakwe walitikisa vichwa kwa heshima. Mama Bertille, akipita na sahani ya samaki, alimwona akijaa ndani ya abakosti kama mkate ndani ya tanuru.

Omer alikuwa ameketi meza ya pili, na chupa ya pili au ya tatu ya bia ya Simba mbele yake. Aliposikia neno lile la mtu mtulivu, alisimama. Akasema kwa sauti ya kirafiki kabisa kwamba wakwe hawajasikia habari ya kweli.

Habari yenyewe ilikuwa siri. Kwa miaka ishirini na miwili, mtaani waliijua watu wawili tu. Zamani, Papa Barnabé alipokuwa mlinzi wa kituo kidogo njia ya Kabalo, kiboko alitoka majini akamkimbiza. Papa Barnabé alipanda nguzo ya ishara. Suruali yake ilinaswa na chuma chini ikabaki huko. Akakaa juu ya nguzo mpaka treni ya abiria ilipofika, na Omer, aliyekuwa kondakta wa treni ile, alichungulia dirishani.

"Na abiria wote walichungulia," Omer akasema. "Vagoni sita. Tukamukuta huko juu, bila patalo, na alitupungia bendera ya kijani bila kukosea hata kidogo."

Ukumbi ulipasuka. Wakwe wapole wa milimani walianguka kwenye makoti yao. Bwana harusi alificha uso kwenye bega la bibi harusi, na bibi harusi alikuwa akitikisika kuliko yeye. Mama Bertille naye kicheko kilimpanda mpaka kooni, maana hata yeye hakuwahi kusikia, na ndipo alipomtazama mumewe.

Papa Barnabé aliweka glasi mezani taratibu. Aliweka taratibu mno, kama mtu anayeweka yai. Mke wake aliujua utaratibu ule. Alikuwa ameuona mara mbili tu katika ndoa yao. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alimwendea Omer, akainama, akasema maneno matatu kwa sauti ndogo:

"Usitoke hapa, Omer."

Akaondoka.

Mama Bertille aliacha sahani juu ya mapaja ya mtu, akafuata. Alikuwa amevaa kitenge kipya chenye wanga, kigumu kama ubao, na viatu vya kuazimwa, kwa hiyo hakuweza kukimbia. Alienda kwa hatua fupi fupi za haraka, mkono mmoja umeshika kilemba. Nyuma yake muziki uliendelea. Mbele yake abakosti ya kijani ilikata kona ya nyumba yao. Alisikia mlango, halafu akasikia chuma kikitikiswa, mara moja, mara mbili, na teke. Kwa mara ya kwanza alisema waziwazi ndani ya kichwa chake kile mumewe alichoenda kuchukua, na ni kwa ajili ya nani.

Lakini kadena ni kadena. Papa Barnabé alitoka akitokwa jasho, hakumwona mkewe aliyejibana nyuma ya choo, akarudi moja kwa moja kwenye sherehe kumtafuta Mama Thérèse.

Mama Thérèse alikuwa katika mstari wa kucheza, mama wa bwana harusi, amebanwa mbele na nyuma na shangazi. Katika mstari ule hakuna aliyesimama, kwa hiyo Papa Barnabé, ili aseme naye, alilazimika kuingia. Mama Bertille, kutoka mlangoni, alimwona mumewe mwenye uso wa kijivu akipiga hatua mbili kulia, moja kushoto, akiomba ufunguo. Mama Thérèse alimjibu bila kupoteza hatua: ufunguo uko kiunoni, chini ya vitenge vitatu, na yeye hawezi kujifungua mbele ya wakwe. Tena, kama ilivyo kawaida, kwanza autoe yule mwanamke mwingine. Yule akiutoa, yeye atautoa. Akageuka, na mstari ukamzungusha Papa Barnabé ukumbi mzima, mara mbili, kabla hajapata mahali pa kutokea.

Mama Élisabeth hakualikwa. Siku nzima alikuwa uani kwake, juu ya kilima, akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu ili harusi ile ijue kwamba kuna watu wenye kazi. Mama Bertille alipanda kwa njia ya nyuma, viatu mkononi, akasimama nje ya ua wa matete. Aliweza kuingia. Lakini alihofu kwamba mumewe akimwona, aibu itarudi, na hasira pamoja nayo. Akabaki pale, moyo ukimpiga, na kuku mmoja akimtazama.

"Unataka ufunguo wa nini?" Mama Élisabeth alikuwa akiuliza.

"Wa kiboko."

"Kiboko gani, saa tisa ya muchana?"

Mchi ukaacha kugonga.

"Papa Virginie, kiboko huyo ana miguu mingapi?"

Kisha akasema, kwa sauti ambayo mkewe hakuijua, "Miwili."

Mama Élisabeth hakupiga ukelele, wala hakuuliza jina. Alivuta kiti. Akasema ufunguo uko ndani, atautafuta, lakini tangu asubuhi hajapata mtu wa kula naye na mukeke umeiva, kwa hiyo kwanza akae. Papa Barnabé akasema hana njaa. Akaketi. Sahani ikaja, bukari na samaki mzima mwenye pilipili, na Mama Élisabeth akaketi mbele yake na kumwuliza alichofanyiwa.

Alianza kama mtu anayeshitaki kwenye baraza. Omer aliapa. Omer alikula kwake miaka yote hii. Omer, mbele ya wakwe. Ilibidi aeleze kilichosemwa, na ili kieleweke ilibidi aeleze nguzo, na kiboko, na chuma. Mama Élisabeth alisikiliza kwa uso wa hakimu. Alipofika kwenye suruali, mama yule alikuwa na maji mdomoni, na maji yale yalitoka yote kwa mara moja, yakaishia juu ya abakosti.

"Unisamehe," akasema alipoweza. "Endelea. Bendera ilikuwa ya kijani ao nyekundu?"

"Ya kijani."

"Bila patalo."

"Bila patalo," akasema Papa Barnabé kwa hasira. "Lakini treni ilipita salama."

Nadhani hapo alisikia maneno yake mwenyewe. Mama Bertille aliweka jicho kwenye upenyo wa matete na kumwona ameshika tonge hewani, mashavu yakianza kumcheza, akijizuia, akijizuia tena, kisha kitu kikamtoka puani, na mwanamume yule akalala juu ya magoti yake na kucheka. Alicheka kwa sauti nyembamba, kama bawaba isiyo na mafuta. Mama Élisabeth alikuwa ameshikilia kinu. Na nje, Mama Bertille, aliyebeba kicheko kile tangu ukumbini pamoja na hofu juu yake, aliegemea ua ili apumue, na ua ukaanguka, naye juu yake, viatu mkononi, mpaka karibu na sahani ya samaki. Kuku alipiga kelele. Papa Barnabé alimtazama mkewe chini, akajaribu kusema kitu, akashindwa.

Ilichukua muda kabla mtu yeyote hajasimama. Walipoweza, Mama Élisabeth aliosha uso, akafunga kitenge kizuri, akasema habari kama ile hawezi kuichukua nusu. Anataka kuisikia kutoka kwa Omer mwenyewe.

Walishuka wote watatu. Omer alikuwa ameketi pale pale alipoambiwa asitoke. Hakuwa amekunywa tena. Kofia ilikuwa magotini, na watu waliokuwa karibu naye walikuwa wamesogeza viti vyao mbali kidogo, maana walikuwa wameanza kuelewa kile Papa Barnabé alichoendea. Papa Barnabé alisimama mbele yake na abakosti yenye maji. Muziki ulikatika.

"Umesahau kofia," Papa Barnabé akasema.

Omer hakuelewa.

"Uliwaambia wakwe sikuwa na patalo. Hukuwaambia nilikuwa na kofia. Kofia ya kazi nilikuwa nayo, Omer, na ilikaa vizuri."

Omer alifungua mdomo. Machozi yalimtoka kabla ya kicheko, halafu vyote viwili kwa pamoja, na Papa Barnabé akavuta kiti, akawageukia wakwe, akaanza kusimulia mwenyewe tangu mwanzo, akisimama kwenye meza kuonyesha nguzo.

Upande wa pili wa ukumbi, Mama Thérèse alikuwa ameacha mstari. Alimwona Mama Élisabeth mlangoni, akamwendea mbele ya shangazi wote. Walitazamana.

"Umeleta ufunguo?" akauliza. Yalikuwa maneno ya kwanza kwa miaka mitatu.

"Nimeukatalia," akasema Mama Élisabeth.

"Na miye nimemukatalia."

Wakabaki wakitikisa vichwa, kila mmoja akiwa amependezwa sana na mwingine. Baada ya hapo walikula sahani moja, na kuelekea jioni waliimba ule ubeti pamoja, wote wawili kwa sauti ya juu kabisa, hata boti za bandarini nadhani zilisikia.

Furaha ile ilimwingia Mama Bertille mpaka kwenye vidole vya miguu. Alicheza bila viatu. Ni katikati ya kucheza alipokumbuka, akasimama ghafla katikati ya watu: wale wawili wamepatana. Ulinzi wa sanduku lake umekwisha.

Asubuhi ya pili, Papa Barnabé alikunywa chai muda mrefu. Kisha akamwambia mkewe kwamba hakulala. Kila akifumba macho anajiona akifungua mlango wa ukumbi na bunduki mkononi, kama vile sanduku halikuwa limefungwa.

"Sijui ningefanya nini," akasema. "Ningemwogopesha tu, nadhani. Lakini sijui. Omer, mutu tuliyeoa siku moja, tukasimamiana kanisani. Na hii yote, juu ya patalo tu."

Mama Bertille aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Hakutaka kumfariji haraka. Walikaa hivyo, na chai ikapoa.

Kisha alikwenda kwa Fidèle, akamwomba aje aunge pete ya tatu. Wanawake wale wawili walikataa kabisa kurudisha funguo zao. Sasa walikuwa wakijivunia kazi hiyo, hata walizungumza habari ya kuvaa sare. Basi ilibaki kadena mpya, na ufunguo wake Mama Bertille aliupeleka mwenyewe nyumba ya jirani.

Omer aliushika kwenye kiganja kama mdudu. Akauliza kwa nini yeye.

"Juu siku Papa Virginie akikukasirikia tena," Mama Bertille akasema, "nataka aje akuombe wewe ruhusa."

Omer alifikiri. Ilimjia pole pole, kwanza kwenye mabega. Alitafuta ukuta kwa mkono, akaukosa, akaketi kwenye beseni la nguo lililokuwa na maji, na hapo hapo akaendelea kucheka huku maji yakimpanda, mpaka mkewe akatoka ndani kuuliza ni nani aliyeanza kunywa asubuhi.

Tangu siku ile alilichukua jambo hilo kwa uzito wa mtu wa reli. Kila asubuhi kabla ya saa moja alipita kukagua kama kadena yake imefungwa, akaitikisa mara mbili, akaandika kwenye daftari, na kwa kuwa alishafika, alipewa chai, na kwa kuwa amepewa chai, ubao wa dame ulitolewa. Mara nyingi Mama Bertille, akirudi shambani saa sita, aliwakuta bado wako hapo, wakibishana nani amesogeza kifuniko cha nani. Aliwapita na mzigo wake wa kuni, akawaambia waondoe miguu njiani.